Maneno ya Nyumbani: Mtoto Asiyeitika Jina Lake

Mwezi huu tulikusudia kuendelea na habari za chakula cha watoto walioachishwa ziwa, kama tulivyoahidi; lakini imetufikia barua isiyoweza kungoja zamu yake. Aliyeiandika ni mwalimu wa shule ya msingi huko bara. Jina lake hatulitaji, wala la kijiji chake, maana mambo anayoyaeleza ni ya nyumba ya watu.

Asema kwamba darasani mwake yumo mtoto mwanamume wa miaka saba. Akiitwa jina lake haitiki, ijapokuwa huisikia mvua ikianza kudondoka juu ya bati kabla ya wenzake wote. Kengele ikilia hujiziba masikio na kutoa machozi. Vizibo vya chupa huvipanga safu moja iliyonyoka, toka mlangoni mpaka ukutani, na mtu akikisogeza kimoja tu, mtoto hupiga kelele kama aliyechomwa moto. Hamtazami mtu usoni. Mwalimu akimwuliza, “Unataka maji?” yeye hujibu, “Unataka maji,” naye ndiye mwenye kiu. Walakini nyimbo zote za Jumapili azijua kwa moyo, toka ubeti wa kwanza hata wa mwisho, wala hakosei neno.

Bibi yake asema mtoto ana pepo. Majirani wasema mama yake alivunja mwiko alipokuwa na mimba. Baba ameyasikiliza maneno hayo hata ameanza kulala nyumbani kwa ndugu yake. Na sasa amenena kwamba ama mtoto apelekwe kwa mganga wa mbali akaachwe huko, ama yeye mwenyewe ataondoka. Mama naye, kwa kuona haya, humfungia mtoto chumbani kila wajapo wageni. Na mwalimu, mwenye watoto sitini na wanane katika chumba kimoja, anatuuliza: “Je, nimrudishe kwao? Maana nimemwadhibu mara mbili, wala haikufaa kitu.”

Kabla ya kujibu, yatupasa kukiri jambo moja. Sisi tuandikao maneno haya tulishika chaki miaka mingi, na katika miaka hiyo tulipata mtoto wa namna hiyo hiyo. Tulimpiga fimbo kwa sababu hakututazama tuliponena naye, tukidhani ni kiburi. Hakulia. Aliyarudia maneno yetu ya ukali, neno kwa neno, kwa sauti ile ile yetu, na darasa zima likacheka. Tukampiga tena. Muhula ulipokwisha baba yake hakumleta tena shuleni, wala sisi hatukwenda kumwuliza sababu. Hatukujua; lakini kutojua kwetu hakukumpunguzia mtoto yule maumivu hata kidogo. Basi twajibu barua hii kama watu wenye deni.

Jibu letu kwa mwalimu ni hili: usimrudishe. Na sasa tutaeleza kwa nini.

Hali uliyoielezea yafanana sana na ile iitwayo kwa Kiswahili usonji. Sisi hatumwoni mtoto, na kumpima ni kazi ya wenye elimu hiyo. Lakini dalili ulizoziandika ndizo zizungumzwazo na madaktari. Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu, wala si pepo. Ni namna ubongo unavyokua, na mwanzo wake huwa kabla mtoto hajajua kusema. Mwenye usonji huyapokea mambo ya ulimwengu kwa njia nyingine. Sauti iliyo ndogo kwetu yaweza kuwa kwake kama ngurumo. Nguo yenye kukwaruza yaweza kumwasha kama upupu. Uso wa mtu, ambao sisi twausoma bila kufundishwa, kwake ni kama kitabu cha lugha ngeni. Ndiyo sababu hupenda yale yasiyobadilika: safu, hesabu, njia ile ile, kikombe kile kile. Hayo humtuliza, kama vile mtu aliye gizani anavyotulizwa na ukuta anaoupapasa.

Watoto hawa hawafanani wote. Wako wasemao sana, na wako wasiosema neno maisha yao yote. Wako wapitao wenzao katika masomo, na wako wahitajio kusaidiwa kula na kuvaa hata wakiwa watu wazima. Wala si wachache kama tudhanivyo. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 ulimwenguni alikuwa na usonji. Basi katika shule au mtaa wenye watoto mia tano si ajabu wakiwamo watatu au wanne. Wavulana ndio watambuliwao zaidi. Wasichana wengi hupitwa bila kujulikana, kwa kuwa hujifunza kuiga wenzao na kujificha.

Sasa twaomba msomaji atufuate mbali kidogo, mpaka nchi ya Marekani, tusimulie habari za mtu mmoja. Kisha tutarudi kwa mwalimu wetu. Mtu huyo ni Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo uitwao Forest, jimbo la Mississippi. Baba yake alikuwa mwanasheria, na jamaa za mama yake walikuwa na benki hapo mjini. Kabla hajatimiza miaka miwili na nusu aliweza kusema kwa moyo Zaburi ya 23, na maswali 25 ya katekisimo pamoja na majibu yake. Watu walistaajabu. Walakini mtoto huyo huyo hakugeuka alipoitwa, wala hakumjali ajaye wala aondokaye. Furaha yake ilikuwa kuzungusha sufuria na vitu vya mviringo sakafuni, na mtu akimkatiza alikasirika mno. Kama mtoto wa barua yetu, alisema “wewe” mahali pa “mimi.” Baba yake alipotaka kumfundisha neno “ndiyo,” alimwambia kwamba akilisema atambeba mabegani. Mtoto akajifunza, lakini kwa muda mrefu neno hilo halikuwa na maana nyingine kwake ila kubebwa mabegani.

Mwaka 1937, alipokuwa hajatimiza miaka minne, wazazi walishauriwa kumtoa nyumbani. Wakampeleka katika nyumba moja ya kulelea watoto. Huko Donald akanyauka kama mche uliong'olewa: alikaa kimya, hakujali kitu. Karibu mwaka mzima ukapita hivyo. Hata mwaka 1938 wazazi wakakata shauri, wakamrudisha nyumbani. Baba yake akaketi akaandika barua ya kurasa 33, akieleza habari zote za mwanawe: anachokula, anachoogopa, anachosema. Akaipeleka kwa daktari Leo Kanner, wa hospitali ya Johns Hopkins katika mji wa Baltimore. Daktari akamwona Donald mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Baadaye akaletewa watoto wengine waliofanana naye, na mwaka 1943 akachapisha habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Wa kwanza katika orodha yake ni Donald. Basi, wasomaji wetu, elimu nyingi ya usonji waliyo nayo madaktari leo ilianzia katika barua ya baba aliyekubali kumtazama mwanawe vizuri na kuandika alichokiona.

Lakini sehemu ya habari hii tuipendayo kuliko zote ni ifuatayo. Mwaka 1942, Donald akiwa na umri wa miaka karibu tisa, wazazi walimweka kwa mtu na mkewe waliokuwa wakulima nje ya mji. Watu hawa hawakuwa na elimu ya ubongo. Walikuwa na shamba, farasi na saburi. Daktari Kanner alipowazuru mwaka 1945, alistaajabia hekima yao. Donald alipenda mno kupima vitu. Basi wakamtia katika kazi ya kuchimba kisima, awe akipima na kutoa habari ya kina chake. Donald alikuwa akikusanya ndege na wadudu waliokufa. Basi wakampa mahali pa kuwazika, naye akaweka alama juu ya kila kaburi. Donald alikuwa akihesabu mistari ya mahindi, akimaliza na kuanza tena; basi wakamwambia aihesabu huku akiilima kwa plau. Daktari alimwona kwa macho yake akilima mistari sita mirefu, akimwongoza farasi na kumgeuza vema. Na shule ya shamba, ambako alikwenda pamoja na watoto wa wakulima, ilimpokea na mambo yake yote yasiyo ya kawaida, naye akaendelea vizuri katika masomo.

Tafadhali liangalieni jambo hili. Wakulima wale hawakusema, “Acha kuhesabu!” Hawakumpiga ili aache. Waliipokea tabia yake kama nguvu ya ng'ombe dume, wakaifunga katika jembe. Kile ambacho wengine walikiona kuwa wazimu, wao walikiona kuwa mlango, wakaingia kwa mlango huo.

Donald alimaliza masomo ya chuo mwaka 1958, akafanya kazi katika benki ya mji wake miaka mingi sana. Alijifunza kuendesha motokaa alipokuwa na miaka 27. Alicheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake. Akafa mwezi wa Juni mwaka 2023, mwenye umri wa miaka 89, katikati ya watu waliomjua tangu utoto, wasioona ajabu tena kwamba huwapa rafiki zake namba badala ya majina. Hakuacha kuwa na usonji hata siku moja. Alipata mji uliomzoea.

Tusidanganyane. Donald alikuwa mtoto wa watu wenye mali. Na mtoto mweusi wa wilaya ile ile, siku zile za ubaguzi, asingalifunguliwa milango hiyo. Wala si kila mtoto mwenye usonji atafanya kazi ya benki. Wengi watahitaji mkono wa ndugu maisha yao yote, nao si watu pungufu kwa ajili hiyo. Lakini yale waliyoyatenda wakulima hayahitaji benki. Kisima tunacho. Mahindi tunayo. Kinachotupungukia ni kutazama kwanza, kabla ya kukasirika.

Sasa tuwajibu majirani wasemao kwamba mama alivunja mwiko. Tusiwacheke kwa haraka, maana wenye vyuo vikuu walianguka katika shimo lile lile. Baada ya vita vya pili, wasomi wa Ulaya na Marekani walianza kusema kwamba usonji waletwa na mama mwenye moyo baridi, asiyempenda mwanawe. Hata daktari Kanner mwenyewe, mwaka 1949, aliandika habari za wazazi baridi, kana kwamba mtoto amewekwa ndani ya jokofu. Mwalimu wa chuo mmoja, Bruno Bettelheim, akaitia nguvu fikira hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1967. Fikirini mambo yaliyowapata akina mama wale: walikesha usiku na watoto wasiolala, na asubuhi wakaambiwa na mabwana wenye miwani kwamba wao ndio waliowaharibu. Mwiko wa kijijini na jokofu la wasomi ni neno moja lililovaa nguo mbili: mtu hana sababu mkononi, basi amwekea mama lawama.

Mmoja aliyesimama kulipinga neno hilo ni Bernard Rimland, mtaalamu wa mambo ya nafsi, naye mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji. Mwaka 1964 alitoa kitabu kuonyesha kwamba hali hii ni ya mwili, haitokani na malezi. Mwaka 1969 daktari Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi, akawatangazia kwamba hawana hatia. Na mwaka 1977, huko Uingereza, Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana kabisa, zilikuwako 4 ambazo wote wawili walikuwa na usonji; katika jozi 10 za mapacha wasiofanana, haikuwako hata moja. Mapacha wa aina zote mbili hulelewa na mama yule yule, katika nyumba ile ile. Basi ni wazi kwamba sehemu kubwa ya sababu ni urithi wa mwili, kama urefu au rangi ya macho, si malezi, wala mwiko, wala laana. Wakristo nao wakumbuke swali waliloulizwa wazazi wa kila namna tangu kale, ni nani aliyekosa hata mtoto akazaliwa hivi; na wakumbuke kwamba jibu walilopewa wanafunzi juu ya yule kipofu halikumtia hatiani baba wala mama.

Liko neno jingine lipitalo katika nyumba zetu, na siku hizi hupita kwa simu upesi kuliko kwa mdomo: kwamba usonji waletwa na chanjo ya surua. Neno hili lilitoka katika makala ya mwaka 1998, iliyosimama juu ya watoto 12 tu, na gazeti la madaktari lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Mwaka 2019 wachunguzi wa Denmark walitoa hesabu ya watoto 657,461. Waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Usonji hauui, surua huua. Mpelekeni mtoto akachanjwe.

Tumerudi kijijini. Twasema kwanza na wewe, baba wa mtoto, ikiwa mwalimu atakusomea maneno haya. Ndugu yetu, hukuoa mke mwenye laana. Ulipata mtoto ambaye hajui bado kukuonyesha kwamba akujua. Yule mganga wa mbali hana dawa ya jambo hili, wala hospitali hazina kidonge cha kuliondoa. Kumfunga kamba, kumnyima chakula, kumchanja wembe au kumfukiza moshi kutamwongezea hofu, na hofu ndiyo izaayo kelele zile usizozipenda. Mtoto aliyeachwa mahali pa mbali hunyauka. Umesikia yaliyompata Donald, ijapokuwa wazazi wake walikuwa na uwezo. Rudi nyumbani ulale kwako. Kuzaa si kazi, wasema wazee, kazi ni kulea. Na kazi hii mkono mmoja hauiwezi.

Kwako wewe, mama yetu, twasema: fungua mlango wa chumba kile. Mgeni akija, mwambie kwa maneno machache, “Mwanangu ana usonji, hapendi kelele, lakini yu mzima.” Mgeni atazoea. Mpeleke mtoto hospitali apimwe masikio, maana kutosikia vizuri kwaweza kufanana na usonji. Ukaeleze pia kama huanguka au hukodoa macho ghafula, kwa kuwa kifafa huwapata wengi wa watoto hawa, nacho kina dawa. Wazazi wenye watoto wadogo nao wasingoje. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja asiyegeuka kwa jina lake, asiyeonyesha kitu kwa kidole wala kupunga mkono, au yule aliyeanza kusema kisha akaacha, apelekwe mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na kwako, mwalimu mwenzetu. Twajua watoto sitini na wanane ni mzigo, nasi hatukutwishi mwingine bila kukuonyesha jinsi ya kuubeba. Mweke mtoto akae mbali na kengele; na kabla haijapigwa mwonyeshe kwa ishara moja, ile ile kila siku, apate kujiziba masikio kwa amani. Usemi wako uwe mfupi na wa wazi. Ukimwambia, “Hebu lete masikio hapa,” yeye aweza kudhani masikio huletwa. Mwonyeshe kitu pamoja na neno: inua kikombe, ndipo useme “maji.” Badala ya kumwuliza, mfundishe jibu: “Nataka maji,” naye kwa kuwa hurudia maneno yako, atapata kusema neno lililo lake. Siku ikiwa na mabadiliko, kama mvua imezuia mchezo au mwalimu mgeni amekuja, mwambie mapema. Usimlazimishe kukutazama macho. Aweza kusikia vizuri huku akitazama ukuta. Fimbo iweke chini. Wewe mwenyewe umeandika kwamba haikufaa kitu, na sisi twashuhudia hivyo.

Tena, usivitupe vizibo vile. Hivyo ndivyo mistari ya mahindi ya mtoto wako. Mpe kazi ya kuvipanga kumi kumi, na darasa lote lijifunze hesabu juu ya safu zake: kumi na tano, ishirini toa saba, tatu mara nne. Mpe kazi ya kuhesabu madaftari asubuhi na kuyarudisha jioni. Na nyimbo azijuazo kwa moyo, awe yeye wa kuwakumbusha wenzake ubeti waliousahau. Watoto husoma uso wa mwalimu wao. Wakiona unamcheka, watamcheka. Wakiona una haja naye, watamtafuta wakati wa mchezo.

Usifanye peke yako. Huko Kenya, tangu mwaka 1984, viko vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu. Na mwaka 2003 wazazi wa Nairobi waliunda chama cha usonji, na darasa la watoto hawa likafunguliwa katika shule ya msingi ya City. Mjini Dar es Salaam nako kitengo kama hicho kimekuwako katika shule ya msingi Msimbazi Mseto. Madarasa haya ni machache, na vijiji ni vingi. Lakini ofisa wa elimu wa wilaya yako aweza kuulizwa ni wapi palipo karibu, naye asipoulizwa hatajua kwamba pana haja. Umoja wa Mataifa, kwa azimio la mwaka 2007, uliiweka tarehe 2 Aprili kila mwaka kuwa siku ya kuwafahamisha watu habari za usonji. Tarehe hiyo yafaa kuitisha mkutano wa wazazi shuleni, na kuwasomea neno moja mbele ya watu wote: kwamba mtoto asiyeitika jina lake hajafanya kosa, wala mama yake hajalifanya.

Neno la mwisho ni kwa sisi sote tulio majirani, ibadani na sokoni. Mtoto akipiga kelele katikati ya watu, tusigeuke kumkazia mama macho. Tumsaidie kubeba kikapu chake, au tukae naye nje chini ya mti mpaka mtoto atulie. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama huyo hana haja ya mashauri yetu saa ile. Ana haja ya mtu mmoja asiyeondoka.

Mwalimu wetu, twangoja barua yako nyingine. Tuandikie muhula ukikaribia kwisha, utuambie vizibo vimefika ngapi, na kama mtoto ameitika jina lake, au kama wewe umejifunza kumwita kwa njia nyingine. Sisi hatuwezi kumtafuta yule tuliyempiga, maana hatujui aliko, naye sasa ni mtu mzima mahali fulani, akiwa hai. Huyu wako bado yumo darasani.

Kwa herini hata mwezi ujao, tutakapoendelea na uji wa watoto walioachishwa ziwa.